Shajara ya kumlea Tui, mbwa kiziwi, hadi alipopata makao

Jumapili, 9 Machi 2025

Leo nimempokea mbwa jike mweupe ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akizurura pembezoni mwa soko la Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Aliyemnusuru ni dereva wa bodaboda, aliyemwona akivuka barabara kuu ya Moshi huku basi dogo likimpigia honi mara tatu bila yeye kugeuza hata sikio. Kijana huyo alishuka, akamshika ngozi ya shingo na kumvuta hadi kwenye majani. Waliokuwapo walisema mbwa huyo ni mkaidi, na wengine wakahofia kuwa ana kichaa. Dereva alipomshusha mlangoni kwangu, akiwa ndani ya tenga la nyanya, aliniambia: "Dada, huyu si mkaidi. Huyu hasikii."

Nimempa jina la Tui, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga na weupe wake ni ule wa tui la kasimile. Ana doa moja la kahawia kwenye shina la mkia, pua ya waridi, jicho la kulia la buluu na la kushoto la kahawia. Meno yake ya kudumu yameota yote na hayana ukoga, hivyo namkadiria kuwa hajafikisha mwaka. Masikioni alikuwa amejaa kupe, nami nimewatoa kimoja kimoja kwa kibanio hadi usiku. Nimekusudia kumrudishia afya, kumfundisha lugha ya mikono, kisha kumtafutia makao ya kudumu katika muda wa miezi mitatu.

Jumatano, 12 Machi

Daktari wa mifugo amemchunguza Tui, akampa dawa ya minyoo na ya kupe, na kumchanja chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na ile inayokinga distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Chanjo ya kichaa sikutaka icheleweshwe hata siku moja, kwa sababu mbwa ndio chanzo cha takribani asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu, na kwa sababu majirani walikuwa na haki ya kuona kadi kabla ya kuombwa uvumilivu.

Baada ya kupe kutoka na masikio kusafishwa, tumeona kuwa ngozi ya ndani ni nzima, haina usaha wala harufu. Hilo liliondoa tumaini langu kuwa uziwi wake ni wa maambukizi yanayoweza kutibika. Daktari alinieleza kuwa kwa mbwa weupe chanzo mara nyingi ni cha kuzaliwa. Sikio la ndani linahitaji seli zile zile zinazotengeneza rangi ya ngozi na manyoya, na zikikosekana humo, utando unaolisha seli za kusikia hunyauka wiki ya tatu au ya nne baada ya mtoto wa mbwa kuzaliwa, na seli hizo hufa zisirudi tena. Katika mbwa wa aina ya Dalmatian waliopimwa nchini Marekani, utafiti wa George Strain wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ulionyesha kuwa takribani asilimia 8 walikuwa viziwi wa masikio yote mawili na asilimia 22 wa sikio moja. Tui ni mbwa wa kienyeji, lakini rangi haiulizi ukoo.

Kipimo cha uhakika ni kile cha kusoma mwitikio wa ubongo kwa vijisindano vinavyochomekwa chini ya ngozi ya kichwa, na daktari wetu hana mashine hiyo. Tumelazimika kupima nyumbani. Jaribio la kwanza lilitudanganya: nilipiga makofi nyuma yake akiwa amelala, naye akainua kichwa, nikafurahi kama mtoto. Ndipo nilipoona kuwa manyoya ya sikio lake yalitikisika kabla ya kichwa kuinuka. Alikuwa ameguswa na upepo wa viganja vyangu. Tukarudia, yeye akiwa amelala juu ya sakafu ya saruji, mimi nikiwa nyuma ya mlango uliorudishwa, nikagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, nikapuliza filimbi, nikapiga simu ilie kwa sauti ya juu kabisa. Hakuna unywele uliotikisika. Ubavu wake uliendelea kupanda na kushuka kwa utulivu ule ule.

Jumapili, 16 Machi

Jambo la kwanza la kumfundisha si kukaa wala kuja, ni kuamka. Mbwa asiyesikia hukutana na kila mtu ghafla, na mbwa aliyeshtuliwa usingizini anaweza kung'ata kabla hajajua anamng'ata nani. Kwa hiyo kila siku nanunua mapupu buchani, nayachemsha bila chumvi, nayakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, kisha namkaribia akiwa amelala. Kwanza naweka kiganja mbele ya pua yake ili harufu itangulie, halafu namgusa bega kwa vidole viwili, na kabla macho hayajafunguka vizuri kipande kiko mdomoni. Nimefanya hivyo mara ishirini hivi kwa siku. Siku ya kwanza alikuwa akiruka na kuinama huku mkia umefungwa tumboni. Leo jioni nilipomgusa alifungua mdomo kabla ya kufungua macho.

Jumamosi, 29 Machi

Tumo katika siku za mwisho za Ramadhani, na jana bibi wa nyumba ya pili, ambaye tunatumia naye bomba moja la maji uani, alinijia kwa upole akiwa na lalamiko la haki. Tui alimlamba upindo wa kanga wakati akichota maji ya futari, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayesikia ningemkemea kwa mbali; huyu hakuniona, hivyo hakujua kuwa nilikuwa nikipiga kelele.

Nilimwomba radhi, nikafua kanga ile kama inavyotakiwa, na leo nimeweka wigo wa mabanzi kati ya mlango wangu na bomba. Nilitarajia aniambie nimhamishe mbwa. Badala yake alisimama upande wa pili wa wigo, akamtazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, yule mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Mlee, ila mlee upande wako." Nimeandika maneno haya kwa sababu wengi hudhani kuwa jirani Mwislamu na mbwa hawawezi kukaa ua mmoja. Wanaweza, mradi mwenye mbwa aheshimu mpaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazi ya ishara ilikwama kwa wiki mbili, na leo nimeelezwa sababu.

Nilikuwa nimechagua ishara tano. Ya "njoo" ni ile tunayoitumia sote kumwita mtu, kiganja kikitazama chini na vidole vikikunjwa kuelekea mwilini. Ya "kaa" ni kiganja kinachopanda juu, ya "subiri" ni kiganja kilichosimama mbele ya uso wake, ya "hapana" ni kidole kimoja kinachotikiswa. Ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu humwambia kuwa alichofanya sasa hivi ndicho nilichokitaka na kwamba chakula kinakuja: nakunja ngumi na kuikunjua mara mbili, kama anayekamua machicha ya nazi. Anayesikia husifiwa kwa sauti papo hapo. Kiziwi asipokuwa na ishara ya namna hiyo, hajui ni tendo lipi kati ya manne aliyoyafanya ndilo lililomletea pupu.

Tui alijifunza "kaa" kwa siku mbili, lakini "njoo" alikuwa akiitii mara tatu katika kumi, na wakati mwingine aliketi badala ya kuja. Nilianza kuamini kuwa ni mzito wa kuelewa. Leo fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye ni kiziwi tangu utotoni na mtumiaji wa Lugha ya Alama ya Tanzania, alikuwa amekaa barazani kwake akitutazama tukifanya mazoezi. Alinyanyuka, akachukua simu yake, akaniandikia: "Mbwa anajua. Wewe ndiye unayebadilisha mkono."

Alinionyesha mambo matatu. Nilikuwa nikiita kwa mkono wa kulia asubuhi, na kwa mkono wa kushoto jioni nikiwa nimeshika bakuli. Kiganja changu kilikuwa kikianzia chini na kupanda kabla ya kukunja vidole, na huko kupanda ndiko Tui alikokwisha kukusoma kuwa ni "kaa". Tena nilikuwa nikitoa ishara huku nikiwa nimemwinamia, uso umekunjamana kwa bidii, na yeye aliusoma uso kabla ya mkono. Fundi aliandika tena: "Simama wima. Subiri akutazame. Mkono mmoja, umbo moja, uso mzuri." Kisha akajaribu mwenyewe, mbwa akiwa hatua kumi na tano mbele yake, na Tui alimwendea kana kwamba wamejuana miaka.

Nilikaa naye barazani kwa saa nzima, akinirekebisha kila kosa kwa kunigonga kifundo cha mkono kwa futi yake ya mbao, na tulipomaliza Tui alikuwa amekuja mara tisa katika kumi. Nilikuwa nikijiona mwalimu, kumbe mwanafunzi aliyekuwa nyuma katika darasa lile ni mimi. Fundi alikataa malipo, lakini aliomba amshonee Tui mkanda wa shingo. Ameushona kwa kitambaa cha njano cha fulana za waendesha bodaboda, na kwa uzi mweusi ametarizi neno moja: SISIKII.

Alhamisi, 24 Aprili

Masika yamekolea na umeme unakatika karibu kila jioni. Hapo ndipo nilipogundua kuwa gizani Tui hana lugha. Mkono usioonekana ni sawa na mdomo uliofungwa. Tumeanza ishara ya tochi: namulika ardhi mbele ya miguu yake mara mbili, nazima, kisha namulika kiganja changu. Simmuliki machoni, wala sikimbizi doa la mwanga sakafuni kwa mchezo, maana baadhi ya mbwa hulishika doa hilo akilini na kulitafuta ukutani mchana kutwa. Amejifunza kwa siku nne.

Jumamosi, 3 Mei

Tui amefungwa uzazi. Hili halikuwa na mjadala kwangu, kwa kuwa uziwi wa namna yake hurithiwa, na mtaani hakuna anayesubiri mbwa weupe sita wengine wasiosikia. Kidonda ni kisafi. Daktari ameonya pia kuhusu jua: pua na ngozi isiyo na rangi huungua, na baada ya miaka kuungua huko kunaweza kuzaa saratani, kwa hiyo popote atakapokwenda sharti pawe na kivuli cha mchana.

Jumamosi, 24 Mei

Nimempata mtu wa kumchukua, baba wa familia yenye nyumba kubwa iliyozungushiwa ukuta. Nilimweleza kila kitu, nikampa karatasi yenye michoro ya ishara zote, akasaini kuwa amepokea mbwa pamoja na kadi ya chanjo. Nimelia kidogo, kisha nikafua blanketi lake.

Jumatatu, 2 Juni

Tui amerudishwa baada ya siku tisa. Nasimulia kwa uangalifu, kwa sababu kosa lina wenyewe wawili na mmoja wao ni mimi.

Familia ile ilitaka mlinzi. Nilikuwa nimesema wazi kuwa mbwa huyu hatasikia mwizi akikata waya, lakini baba alidhani kuwa mbwa ni mbwa, na kwamba akifungwa atapata ukali. Alimfunga mnyororo nyuma ya banda la kuku, uso ukielekea ukutani, mahali ambapo kila mtu humfikia kutoka mgongoni. Kwa mbwa anayesikia ni ukatili wa kutosha, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikutungwa bure. Kwa kiziwi ni kumnyima pia macho, kitu pekee kinachomjulisha kuwa dunia inakuja. Siku ya saba, binti wa kazi alipeleka chakula akamgusa kiuno, Tui akageuka na kumkamata mkono wa sweta. Meno hayakufika kwenye ngozi, lakini hofu ilifika.

Nilipozungumza na binti huyo langoni aliniambia: "Dada, mimi hiyo karatasi sikuionyeshwa." Neno hilo limenikaa rohoni. Nilimfundisha aliyesaini, sikumfundisha anayelisha. Katika nyumba zetu nyingi mwenye mbwa si yule anayemtia chakula mbwa, na nilipaswa kulijua hilo, maana hata kwetu Tanga ilikuwa hivyo.

Amerudi na alama ya mnyororo shingoni, na leo nilipomgusa bega aliruka hadi ukutani. Tunaanza tena na mapupu.

Jumamosi, 21 Juni

Alama ya shingoni imepona, na kuamka kwake kumerudi karibu kama kulivyokuwa. Baridi ya Arusha imeingia, naye hulala akiwa ameegemeza mgongo kwenye mguu wa kitanda changu ili nikisimama ajue.

Nimebadilisha namna ya kutafuta makao. Sasa kabla ya mtu kuona picha ya Tui namuuliza nani anapika, nani anafunga geti, watoto wana umri gani, na kama kuna mbwa mwingine. Watu wanne wameuliza habari zake. Wawili waliacha waliposikia kuwa halindi, mmoja anaishi nyumba ya kupanga isiyo na uzio, na wa nne alitaka azalishwe ili apate watoto wenye macho ya buluu, huyo sikumjibu. Mimi sasa naamini kuwa kigumu si mbwa. Mbwa amemaliza masomo yake. Kinachotafutwa ni uzio usio na pengo na nyumba ambayo mikono yote inasema jambo moja.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimekwenda Usa River kumwona mama mmoja anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa ndani ya banda. Dereva wetu wa bodaboda ndiye aliyenielekeza, kwa kuwa humbebea majani. Nilimkuta mama akiosha ndoo, nikamsabahi: "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaniketisha kwenye kigoda, na kabla sijaeleza lolote akasema: "Mlinzi ninaye. Yule pale, Popi. Huyu wako nataka awe mwenzake."

Popi ni mbwa jike mzee, mwekundu, mnene, aliyekuwa amelala katikati ya njia. Tulimwachia Tui uani akiwa na kamba ndefu. Walinusana, Popi akanguruma mara moja, Tui hakusikia lakini aliona midomo ikipanda, akarudi nyuma hatua mbili na kulala chini. Baada ya nusu saa pikipiki ilipita nje. Popi akasimamisha masikio na kutazama geti, na Tui, aliyekuwa akimtazama Popi, naye akageukia geti. Nilishusha kikombe cha chai. Kwa miezi minne sikuwa nimemwona akijua kuwa kitu kinapita asichokiona.

Uzio ni wa michongoma iliyoshonana vizuri, isipokuwa pengo moja nyuma ya shimo la samadi ambalo kuku wamelifanya mlango. Nilimwonyesha mama, naye hakubisha. Nimeomba tukutane tena na wote wanaoishi pale: yeye, mjukuu wake wa miaka 12, na kijana anayekata majani na kukamua.

Jumamosi, 19 Julai

Tui amehamia Usa River. Safari hii hapakuwa na karatasi hadi somo lilipomalizika. Kila mmoja alimwita, alimketisha na kumwamsha kwa kiganja puani na vidole begani, mbele yangu, mara kumi. Mjukuu alishika haraka kuliko wote. Kijana wa ng'ombe alikuwa akiita kwa kiganja kikianzia chini, kosa langu lile lile, na nilimgonga kifundo cha mkono kwa kalamu. Pengo la michongoma limezibwa kwa mabanzi, na mahali pa kulala ni chini ya paa la stoo, kichwa kikitazama njia, kivuli kikiwapo tangu saa nne asubuhi.

Nimemwachia mama kadi ya chanjo, tochi, na mkanda wa njano. Tumekubaliana kuwa kwa wiki tatu mbwa bado ni wangu kwa maandishi, ili jambo likiharibika arudi kwangu bila aibu ya mtu yeyote.

Jumapili, 27 Julai

Mama amepiga simu. Usiku wa pili Tui alibweka kwa muda mrefu, kwa sauti asiyoweza kuipima, hadi mjukuu alipotoka na kumulika ardhi mara mbili. Akanyamaza, akamfuata hadi stoo. Amekula vizuri. Ametafuna gumboti moja.

Jumapili, 10 Agosti

Wiki tatu zimetimia jana, nami nimekwenda. Sikuingia mara moja. Nilisimama nje ya geti nikachungulia penye bawaba. Tui alikuwa amelala juani, jambo ambalo nitalisema tena kwa mama, na mgongo wake ulikuwa umegusana na wa Popi. Nilipogonga bati, Popi alinyanyuka, na mgongo wa Popi ulipoondoka Tui alifungua macho na kusimama, akatazama kule mwenzake alikokuwa akitazama.

Mjukuu alifungua geti. Niliingia, nikasimama wima kama nilivyofundishwa, nikasubiri anitazame, kisha nikamwita kwa mkono wa kulia. Alikuja mbio, akanizunguka miguu mara mbili, akanusa mfuko wenye mapupu. Kisha mtoto, aliyekuwa hatua ishirini nyuma yetu karibu na banda, alikunja vidole vyake vya kulia kuelekea mwilini, na Tui akaniacha akamwendea.

Tumesaini karatasi juu ya ndoo ya maziwa iliyofunikwa. Chanjo inayofuata ni Machi 2026, na mama ameandika tarehe hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa banda, chini ya tarehe ya kuzaa ya ng'ombe.